Deni la Krapf kwa Kivoi

Historia ya Ukristo Ukambani huanza kwa jina la Johann Ludwig Krapf, mchungaji Mlutheri kutoka Württemberg, Ujerumani, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Nashikilia kwamba jina hilo peke yake halitoshi. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, na alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba alikuwa chini ya ulinzi wake. Hakuwa na askari wala dola ya kumtetea. Injili ilipanda bara kwa idhini ya mwenyeji.

Agosti 1851 wawili hao walikuwa wakielekea Mto Tana waliposhambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake, akafika mtoni, akajaza maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, ndipo akarudi. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo kile, naye akatoroka usiku akihofia kuuawa. Ni rahisi kuiona lawama hiyo kuwa ukatili mtupu. Kwangu ni swali zito la imani: anayehubiri Mchungaji asiyewaacha kondoo wake ana wajibu gani kwa aliyekufa akimsindikiza?

Mtu atajibu kwamba Mathayo 10 inamruhusu mjumbe kukimbilia mji mwingine, na kwamba Paulo mwenyewe alitoroka Dameski ndani ya kapu. Ni kweli, nami simhukumu Krapf kwa kukimbia. Mwingine atasema Kivoi hakubatizwa na alitafuta faida ya biashara. Lakini sura hiyo hiyo ya Mathayo inamhesabia thawabu anayempokea mjumbe, hata kwa kikombe cha maji tu, na haiulizi kwanza kama amebatizwa. Tukiipokea ruhusa ya kukimbia, tuipokee na hesabu ya mwenyeji.

Walutheri wa Kijerumani waliofungua kituo cha misheni Ikutha, Ukambani, miaka ya 1890 walikuta dola ya Waingereza ikijikita. Ulinzi wa mtu kama Kivoi haukuwa tena sharti la kukaa. Vita vya 1914 vilipozuka, dola hiyo hiyo ndiyo iliyowaondoa.