Funzo la Kihansi: Mto Uchunguzwe Kabla ya Kufungwa

Mto Kihansi hushuka kwa kishindo kutoka milima ya Udzungwa na kuingia bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Yaliyoupata mto ule yanamhusu kila anayelima, kufuga au kuvua kando ya mto.

Maporomokoni pale, maji yalipogonga miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana. Katika majani yaliyoloa kwa manyunyu hayo, eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa manjano asiyefika urefu wa sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto walio hai. Hajapatikana kwingine kokote duniani. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza.

Kosa liko hapo. Haja ya umeme ilikuwa ya kweli, na megawati 180 za Kihansi si kitu cha kubeza. Lakini mto ulianza kufungwa kabla haujajulikana vizuri. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya maji ikapitishwa kwenye handaki, maporomoko yakapungua nguvu, manyunyu yakakatika na majani yakakauka.

Kuuponya mto kukawa kazi ngumu kuliko kuufunga. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi Marekani wakatunzwe katika bustani za wanyama. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Tumaini likarudi: kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu. Miezi michache baadaye walikuwa wametoweka karibu wote. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulibainika, na wataalamu wakatilia shaka pia tope lililotoka bwawani liliposafishwa mwaka huo. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 maelfu wakaanza kurudishwa korongoni, mahali ambapo manyunyu sasa yanategemea mabomba. Miaka kumi na zaidi, fedha nyingi na jasho la wataalamu wa nchi mbili vilitumika kutafuta kitu ambacho mto wenyewe ulikuwa ukikitoa bure.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetuonyesha njia: maji ya matumizi ya nyumbani hutangulia, yanafuata ya kulinda mazingira ya mto, ndipo yaje ya kilimo, viwanda na umeme. Kwa hiyo, siku mkutano wa kijiji utakapoletewa mpango wa bwawa, banio au mfereji, iwe kwenye mto Mkondoa au kijito kisicho na jina, wananchi waulize mambo matatu kabla ya kunyoosha mikono. Ni viumbe gani wanaishi kwa maji haya? Kiangazi yatabaki kiasi gani mtoni? Nani atayapima, na atatoa taarifa kwa nani? Mpango usio na majibu ya maswali hayo usipitishwe.