Je, Kujitanguliza ni Ubinafsi?

Katika mafunzo ya maadili tuliyoyapokea kwa wazee wetu, ni chache mno sifa zinazotajwa kwa heshima kubwa kama ile ya mzazi anayejinyima kwa ajili ya mwanawe. Tulifundishwa kwamba mama wa kweli hula mwisho, hulala mwisho na huamka wa kwanza. Hata kuku, ambaye ni mnyonge miongoni mwa wanyonge, akimwona mwewe hutandaza mbawa zake juu ya vifaranga, wala hatafuti kwanza pa kujificha yeye. Kwa hiyo mtu akitujia na kutuambia kwamba iko hali ambayo mzazi mwema hana budi kujitanguliza na kumwacha mtoto angoje, hatuna la kufanya ila kumshangaa. Ndugu wasomaji, mshangao huo ulitupata sisi wenyewe, tukiwa tumefunga mkanda ndani ya ndege, na mtoto mapajani.

Tulikuwa tukisafiri kutoka Entebbe kwenda Dar es Salaam. Mama mkwe wetu alikuwa amelazwa hospitalini, na mama wa mtoto alikuwa ametangulia siku kumi kabla yetu ili amuuguze, akatuachia mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Hali ya mgonjwa ilipozidi, tuliitwa. Kwa basi safari hiyo huchukua mchana na usiku, na zaidi. Basi tukakopa nauli, tukapanda ndege. Haikuwa mara yetu ya kwanza kupanda ndege, bali ilikuwa mara ya kwanza kupanda tukiwa na mtoto, na mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Mtoto asiyetimiza miaka miwili kwa kawaida hahesabiwi kiti. Hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, aghalabu sehemu moja ya kumi katika safari za nchi za nje, naye hupakatwa na mzazi. Katika hesabu ya shirika la ndege mtoto ni nyongeza ya mzazi. Katika hesabu ya mzazi mambo ni kinyume: mzazi ndiye nyongeza ya mtoto. Tulikuwa tumebeba nepi, maziwa, biskuti, nguo za kubadili na kikombe chake chenye mdomo. Sisi wenyewe tulikuwa hatujatia kitu kinywani tangu jana yake jioni, wala hatukuliona hilo kuwa jambo la kutajwa.

Kabla ya ndege kuruka, mhudumu alisimama katika ujia akatoa maelezo ya usalama. Akaonyesha mkanda, akaonyesha milango, kisha akainua barakoa ya oksijeni. (Neno hili barakoa wengi wetu wa bara tulilizoea mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, lakini watu wa mwambao walikuwa nalo tangu zamani, kwa kile kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu.) Akasema kwamba hewa ikipungua, barakoa zitashuka zenyewe kutoka juu, na kwamba anayesafiri na mtoto avae yake kwanza, kisha amvalishe mtoto.

Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia katika safari zilizopita, yakatupita kama upepo. Siku hiyo yalituchoma. Mtoto alikuwa akichezea kifungo cha shati letu, ametuegemea bila shaka yoyote moyoni mwake. Tukajiuliza: ina maana gani kumwambia mzazi ajiokoe huku mwanawe akitweta mbele yake? Je, haya si maadili ya watu waliokwisha kusahau kulea?

Tuanze na sababu ya amri yenyewe, kwani haifai kuhukumu jambo kabla ya kujua chanzo chake. Ndege kubwa huruka katika kimo ambacho mwanadamu hawezi kupumua akaishi. Ndiyo maana hewa ya ndani hubanwa, ikawa kama hewa ya mlima wenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Ikitokea hewa hiyo ikatoka ghafula katika kimo cha futi 35,000, yaani mita 10,700 hivi, mtu mzima hubakiwa na nusu dakika, au dakika moja kwa kukadiria, ya kuweza kufanya jambo la maana. Hafi papo hapo, lakini akili humtoka. Na ubaya wa upungufu huo ni kwamba hauumi. Aliyepungukiwa na hewa hujiona mzima, pengine hata huchangamka, ilhali vidole vyake havimtii tena.

Sasa tumfikirie mzazi aanzaye na mtoto. Mtoto wa umri ule hakubali kufunikwa uso; atageuza shingo, atapiga mikono, ataivuta barakoa na kuitupa. Sekunde zitapita, na mzazi atalegea kabla ya kazi kwisha. Hapo watakuwa wamezimia wawili, wala hapana wa kumsaidia mwenziwe. Lakini mzazi akitumia sekunde chache kuvaa yake, atakuwa na akili na nguvu za kupambana na mtoto mbishi. Na mtoto, hata kama atakuwa amezimia kwa kitambo kidogo, akipata hewa mapema kwa kawaida huzinduka. Kwa hiyo amri ile haisemi kwamba maisha ya mzazi yana thamani kuliko ya mtoto. Husema kwamba uhai wa mtoto hupitia katika mikono ya mzazi, na mikono hiyo haina budi kuwa hai.

Uko mfano mmoja wa kweli unaothibitisha jambo hili kwa uchungu. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya shirika la Helios iliruka kutoka Larnaca, Kupro, kwenda Athens, Ugiriki. Chombo cha kubana hewa hakikuwa kimewekwa inavyopasa. King'ora kililia, lakini marubani walidhani kinawaonya kwa jambo jingine, wakaendelea kupanda bila kuvaa barakoa zao, mpaka fahamu zikawatoka. Barakoa za abiria zilishuka kama zilivyotengenezwa. Lakini hewa yake ni ya dakika chache tu, kiasi cha kumwezesha rubani kuishusha ndege hadi kimo cha kupumulia. Na rubani aliyeamka hakuwapo. Mhudumu mmoja aliyekuwa bado na fahamu aliingia katika chumba cha marubani, lakini wakati ulikuwa umekwisha. Ndege iliishiwa mafuta, ikaanguka karibu na Athens, na watu wote 121 wakafa. Abiria walikuwa na barakoa. Waliokosa hewa ni wale waliotegemewa na wote. Ama kweli, anayetegemewa akianguka, kujinyima kwake si sadaka tena, bali ni msiba wa wengi.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo hatuwezi kulipita. Msomaji anaweza kuuliza: je, kwa hoja hii hatumfungulii mlango kila mchoyo? Pingamizi hili ni la haki. Siku hizi maneno ya mhudumu wa ndege yamekuwa kama methali. Tunayasikia katika semina na katika hotuba, na aghalabu anayeyatumia hukomea katikati: “Vaa yako kwanza.” Kiongozi anayejijengea kwanza, na ndugu mkubwa anayekula urithi kwa kisingizio cha kujiimarisha, wote huweza kujificha nyuma ya barakoa hiyo.

Sisi walimu wa lugha tunayo silaha ya kuwajibu, nayo imo katika sentensi yenyewe. Mhudumu hakuweka nukta baada ya “kwanza”. Alisema: vaa yako kwanza, kisha umvalishe mtoto. Neno “kisha” ndilo linalobeba maadili yote ya amri ile. Linaonyesha kwamba kitendo cha kwanza hakikuwa mwisho wa safari, bali kilikuwa njia tu ya kukifikia cha pili. Mwanafunzi akituletea sentensi iliyokatwa kabla ya “kisha”, tutaipiga mstari mwekundu. Basi na maisha ya mtu aliyevaa yake akatulia tuyasahihishe vivyo hivyo.

Tena, yako masharti mawili yaliyofichika ndani ya amri hiyo. La kwanza ni kwamba barakoa zinatosha. Katika ndege nyingi safu ya viti vitatu huwekewa barakoa nne, kwa sababu huenda mmoja amempakata mtoto. Kwa hiyo anayevaa yake hamnyang'anyi mtu. Mama anayempa mtoto tonge la mwisho wakati wa njaa yuko katika hali nyingine kabisa, kwani tonge ni moja. Huyo sifa yake ya kale inabaki pale pale. La pili ni muda. Anayejitanguliza amepewa sekunde, hakupewa miaka. Kujitanguliza kunakotaka muda usio na kikomo ndiko kunakoitwa ubinafsi.

Tulidhani tumelimaliza suala hili kwa akili, kumbe safari ilikuwa bado. Ndege ilipoanza kushuka, mtoto alilia kilio ambacho hatujapata kukisikia nyumbani. Ndege ikishuka, hewa ya ndani huongezeka nguvu na kusukuma ngoma ya sikio; mtu mzima humeza mate, mfereji unaounganisha sikio na koo ukafunguka. Wa mtoto ni mwembamba, tena yeye hajui la kufanya. Tulimpa kikombe, akakisukuma. Tulimbembeleza kwa sauti iliyotetemeka, akazidi. Bwana aliyekaa mbele yetu aligeuka mara mbili kutuangalia. Tukatoka jasho, mikono ikatetemeka, kikombe kikaanguka.

Kiti cha pili alikaa mama mmoja mtu mzima, ambaye tulimwamkia tulipoingia na tangu hapo hatukusemezana. Alikiokota kikombe, akatuambia: “Mwanangu, hebu mlete. Kunywa maji kwanza wewe. Mtoto anakusoma usoni.” Akampakata. Tukanywa maji, tukavuta pumzi. Ilikuwa nusu dakika, haikuzidi. Tulipompokea mtoto tulikuwa na mikono mingine. Akatutazama, akakishika kikombe, akanywa, na baada ya mafunda machache kilio kikapungua. Tulimwambia, “Ahsante sana mama.” Akajibu kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Tulimkuta mama wa mtoto wodini, kando ya kitanda cha mama yake. Alikuwa amekonda. Kila jioni kwa siku kumi tulikuwa tumempigia simu kumwuliza hali, na kila jioni alijibu, “Mimi mzima tu.” Hata siku ile alisema hivyo. Asubuhi yake aliinuka kumnywesha mama yake uji, akaanguka sakafuni. Muuguzi aliyempima alisema ni malaria iliyokaa siku nyingi, juu ya uchovu na njaa. Tukawa na wagonjwa wawili katika nyumba moja ya wagonjwa, na mtoto mgongoni.

Hapo ndipo tulipoona kasoro katika fikra zetu zote za angani. Mke wetu hakuwa mjinga wala hakupenda sifa. Alikuwa kama yule aliyepungukiwa na hewa, ambaye hujiona mzima. Na sisi? Kila simu tuliifunga kwa kumwambia, “Ujitunze.” Ni neno zuri, tena fasaha. Lakini katika siku hizo kumi hatukumpelekea mtu wa kumpokea zamu hata usiku mmoja, ilhali jamaa zetu mjini hawakukosekana. Ndani ya ndege barakoa hushuka mbele ya uso wa abiria ndipo aambiwe avae. Sisi tulimwamuru avae, na barakoa hatukumshushia.

Basi jibu letu kwa swali tulilouliza ni hili: kujitanguliza si ubinafsi pale ambapo uhai wa wengine hupitia kwetu, pale ambapo hatunyang'anyi, na pale ambapo “kisha” hufuata bila kukawia. Lakini wajibu huo haumwangukii anayelea peke yake. Wanaomzunguka wana wajibu wa kumshikia mtoto kwa nusu dakika ile, ili aweze kuvuta pumzi. Kumwambia mlezi ajitunze bila kumpokea mzigo ni kumtwisha kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Haya yanatuhusu sisi walimu pia. Mwalimu asiyesoma tena kwa sababu ya wingi wa madaftari ya kusahihisha hujiona mzima, naye anafundisha kwa pumzi za mwisho. Ana haki ya kusoma kwanza, kisha afundishe. Na mwenzake aliye chumba cha pili ana wajibu wa kumshikia darasa siku moja moja.

Mama mkwe wetu alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, na katika wiki hizo tulilala wodini kwa zamu, sisi na shemeji zetu wawili. Mama wa mtoto alilala siku mbili mfululizo. Alipoamka aliuliza kwanza habari za mama yake, kisha akaomba chakula. Tulimwomba abadili mpango huo: ale kwanza, kisha aulize.