Dawa Isiyotibu Uzee

Miongoni mwa masuala ambayo wanawake wa Pumwani, Nairobi, humwekea mwalimu wao mpaka darsa imekwisha na wasichana wametoka, lipo hili: je, mwanamke aliyekomewa na hedhi, akawa usiku hupandwa na joto hata shuka likalowa jasho, na alfajiri akaamka hana nguvu za kwenda kufungua kibanda chake katika soko la Gikomba, ana ruhusa ya kumeza vidonge vya estrojeni, au kufanya hivyo ni kushindana na umri aliokadiriwa na Mola wake?

Suali hili halikuzuka kwa ujinga. Iko hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Usama bin Sharik na kuandikwa na Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu watu wajitibu, akawajulisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake isipokuwa moja tu, nalo ni uzee. Wenye kushika tamko hilo la mwisho husema kuwa kukoma hedhi ni mlango wa uzee, na kwa kuwa uzee umekwisha kutolewa katika maradhi yenye dawa, basi anayeutafutia kidonge anatafuta alichonyimwa. Bibi zetu, huongeza, walistahimili.

Nami naona hoja hiyo imechanganya mambo mawili. Hadithi imetoa habari, haikutoa katazo. Na habari yenyewe ni kuwa uzee hauondoki, si kuwa kila dhiki iliyofuatana nao lazima ivumiliwe. Sheikh mwenye miaka sabini huvaa miwani ili asome msahafu, wala hakuna aliyemtuhumu kuwa anadai macho ya ujana. Ama bibi zetu, ambao Pumwani ilipoanzishwa katika miaka ya 1920 walijijengea nyumba za udongo kwa fedha zao wenyewe na kuwaachia warithi, walistahimili kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, na subira ya aliyekosa hila haiwezi kuwa sheria juu ya aliyeipata.

Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili, ambao wapenda vidonge nao hawaupendi: uzee wenyewe hauna dawa. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akadai kuwa kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na kwamba mwenye kuujazia upungufu huo kwa estrojeni atadumu na ujana wake. Kitabu kilinunuliwa mno, na vidonge pia. Haikupita miaka kumi, mwaka 1975, uchunguzi uliochapishwa Marekani ukaonyesha kuwa waliomeza estrojeni peke yake walipatwa mara kadhaa zaidi na saratani ya utando wa mji wa mimba, kwa sababu estrojeni huukuza utando huo, na pasipokuwa na projesteroni ya kuuzuia, huendelea kukua. Kisha mwaka 2002 ukasimamishwa uchunguzi mkubwa wa dawa hizo mbili kwa pamoja, baada ya kuonekana kuwa katika kila wanawake 10,000, kwa mwaka mmoja, walizidi 8 wenye saratani ya matiti na 8 wenye kiharusi. Wanawake hao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 63. Wengi hedhi ilikwisha kuwaaga zamani, na dawa walipewa kwa kutarajiwa kuwa italinda moyo. Hofu ikaenea duniani kote, hata kwa wasiohusika, mpaka hesabu zilipopangwa upya kwa umri, ikabainika kuwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijampita miaka kumi tangu hedhi ikome, naye anaudhika kweli, kwa kawaida nafuu yake huizidi hatari.

Basi tazama jinsi nia na usalama zinavyofuatana. Anayemeza ili alale usiku huanza mapema, hutosheka na kipimo kinachomtosha, na kila mwaka humrudia daktari wapime shinikizo la damu na kuulizana kama haja ingalipo. Anayemeza ili asizeeke hana siku ya kuacha. Mwenye kizazi chake hana budi kuchanganya na projesteroni. Aliyeondolewa kizazi huweza kutumia estrojeni pekee. Aliyepata kuugua saratani ya matiti, au kuganda damu katika mishipa, au kiharusi, au mwenye maradhi ya ini, au anayetokwa na damu isiyojulikana sababu, asianze. Tena kidonge hupitia katika ini na kuzidisha kuganda kwa damu, jambo ambalo dawa ya kubandikwa kwenye ngozi imesalimika nalo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mwenye shaka aulize habari ya kibandiko. Yote haya hayapatikani kwa kugawiwa vidonge na jirani wa Kayole, wala kwa kununua vya kupanga uzazi dukani, ambavyo estrojeni yake ni kali zaidi na havimfai mwanamke aliyepita miaka hamsini.

Wengine wamesikia kuwa estrojeni hutolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba, na ni kweli kwa aina moja ya zamani, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942. Lakini iko estradioli itengenezwayo kutokana na mimea, na kilicho tohara kikipatikana, najisi haina udhuru.

Lililo gumu zaidi ni damu. Mwanamke ambaye hedhi haijamwacha sawasawa huenda akapangiwa projesteroni kwa siku kumi na mbili au zaidi za kila mwezi, na kila akiimaliza damu humjia, je, asali? Madhehebu ya Hanafi huweka kikomo cha miaka 55, ambayo, tusisahau, ni ya mwandamo, yaani 53 na miezi minne hivi ya kalenda ya ukutani. Lakini sisi wa Shafii hatuna kikomo: damu ikitimiza mchana na usiku, isipite siku kumi na tano, kama wasemavyo watoto waliohifadhi kitabu cha fikihi cha Safina, ni hedhi, hata kwa ajuza. Wala kuletwa na dawa hakuibadilishi, kwani Imam Nawawi alikwisha sema kuwa aliyekunywa dawa ya kuleta hedhi, ikamjia, hazilipi sala zake. Aliyepangiwa dawa zote mbili kila siku hatazamiwi kutokwa na damu, ila matone katika miezi ya mwanzo. Na matone yasiyotimia mchana na usiku ni istihadha, yaani damu isiyokuwa hedhi: atajisafisha, atatawadha kwa kila faradhi, na atasali.

Hapo mwalimu amemaliza kazi yake, nayo imeishia kwenye sala. Kwamba damu ni hedhi katika fikihi hakumwambii mtu chochote juu ya utando wa kizazi chake, na aliyekaa mwaka mzima hana damu kisha ikamrudia pasipo dawa, au anayetumia dawa zote mbili kila siku akaendelea kuona matone baada ya miezi sita, hukumu yake ya sala aipokee hapa Pumwani, kisha apande gari aende hospitali ya Mama Lucy akapimwe, hata kama ile damu imekwisha kukatika.