Mengine Niachie Mimi

Kijana ninayemsimulia hapa alipata daraja la kwanza kidato cha sita, na mtaani kwao Morogoro hakuna aliyeshangaa. Jina lake silitaji, maana wa aina yake wako wengi. Mama yake ni mjane, anauza vitenge sokoni, na tangu mwanawe aanze kuongoza darasani alikuwa na kauli moja: mwanangu, wewe soma tu, mengine niachie mimi. Kijana akigusa sufuria, anaambiwa arudi kwenye daftari. Umeme ukikatika, mama ndiye anayenunua LUKU na kuingiza tokeni. Ada anapeleka mama, risiti anatunza mama. Cheti cha kuzaliwa cha kijana na cheti cha kifo cha baba yake vilikaa pamoja kwenye mkoba chini ya godoro, na yeye hakuwahi kuvishika. Shuleni nako ni bweni: simu marufuku, kengele ndiyo inayoamua saa ya kula na saa ya kulala. Akafika umri wa miaka 19 akijua hesabu ambazo wengi wetu hatuwezi kuzianza, lakini hajawahi kujaza fomu inayomhusu bila mtu mzima kumsimamia.

Matokeo yalitoka Julai, kukapikwa pilau, majirani wakaja. Dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa wazi. Kwa mtoto wa mjane, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ndiyo mlango wa chuo, na mlango huo una masharti yake. Unajisajili mtandaoni kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Unalipia ada ya maombi. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu inachapishwa, inapelekwa serikali ya mtaa, kisha kwa wakili au hakimu, mdhamini anatia saini, halafu kurasa zenye saini zinarudishwa kwenye mfumo. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji akili ya daraja la kwanza. Inahitaji mtu anayezijua karatasi zake.

Mama alimpa fedha, akamtuma steshenari. Foleni ilikuwa ndefu, na mhudumu alikuwa na haraka.

"Barua pepe unayo, mdogo wangu?"

"Sina, kaka."

"Basi nakufungulia. Namba ya simu naweka yangu, ili isitusumbue. Baba yupo?"

"Alishafariki."

"Cheti cha kifo?"

"Sijui kama kipo."

"Haya, hicho tutaweka baadaye."

Neno la siri liliandikwa nyuma ya risiti. Kijana alirudi nyumbani akasema ameshaomba, mama akashukuru Mungu, na tangu siku hiyo hakuna aliyefungua tena akaunti ile. Ujumbe wa kwamba maombi yana kasoro na muda wa kurekebisha upo, ulikwenda kwenye simu ya mhudumu, katikati ya jumbe za wateja wengine mamia. Majina ya waliopangiwa mikopo yakatoka awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana alikuwa anasubiri kama alivyozoea kusubiri kengele. Alipokwenda steshenari kuuliza, dirisha la marekebisho lilikuwa limefungwa, na ile risiti hakukumbuka aliiweka wapi. Nafasi ya chuo aliyokuwa amechaguliwa ikapita, kwa kuwa mauzo ya vitenge hayakutosha ada. Cheti cha kifo kilichotakiwa kilikuwa chini ya godoro muda wote huo.

Rahisi kumlaumu mhudumu, na kosa analo. Lakini mimi naona kosa kubwa lilianza miaka kumi kabla yake, lilianzia kwenye huruma. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na tunadhani walikuwa wanazungumzia fimbo. Naamini walikuwa wanazungumzia pia mambo madogo ya namna hii: mtoto anayekuta kila kitu kimeshafanywa, hajui kwamba vitu hufanywa. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia shule inayomtenga mwanafunzi na maisha ya jamii yake, akataka kazi kama ya shamba iwe sehemu ya masomo. Shule nyingi baadaye zikalifanya shamba la shule kuwa adhabu ya waliochelewa namba, na watoto wakajifunza kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji. Leo tuna mkondo wa amali katika sekondari, na nimeufurahia sana. Mtoto atajifunza kuchomelea, kushona, kufunga nyaya za umeme. Ila hata fundi mzuri akisaini mkataba wa chumba ambao hakuusoma, au akampa dalali fedha bila risiti, ufundi wake hautamwokoa. Mambo haya yanafundishwa nyumbani, na wanaoweza kuyafundisha ni sisi tunaoyafanya kila siku. Hatuhitaji mtaala.

Mjomba wa kijana ni seremala. Alipopata habari alikuja, akamwambia dada yake jambo lililomuuma: kuanzia leo karatasi za mtoto huyu usiziguse. Mama alilia, akaona kaka yake hana utu. Mjomba hakulegea. Kijana mwenyewe ndiye aliyekwenda kuhakiki vyeti, akaambiwa arudi wiki inayofuata, akarudi. Alifungua barua pepe yake, akasajili laini kwa jina lake. Alimkuta mwenyekiti wa mtaa hayupo mara mbili. Alijifunza kuuliza bei kabla ya huduma. Katikati ya safari hizo alikuwa sokoni anapima vitenge, na huko aligundua kwamba mama yake, ambaye aliishia darasa la saba, hukokotoa faida kichwani haraka kuliko yeye kwenye karatasi.

Mwaka uliofuata alijaza fomu mwenyewe, mezani kwa mjomba, na safari hii alisoma mpaka sehemu ya marejesho. Akakuta kwamba atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akauliza: mshahara ukiwa 800,000, si ni 120,000 kila mwezi? Mjomba akamjibu ndiyo, na kodi ya nyumba inabaki palepale. Walizungumza jioni nzima juu ya nini kitabaki. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya fedha kijana aliyowahi kufanya na mtu mzima. Mkopo aliupata. Mwaka mmoja ulikwenda, na wenzake wa bweni walikuwa tayari mwaka wa pili.

Mdogo wake wa kike alimaliza kidato cha nne Novemba ya mwaka huo. Kidato cha tano huanza Julai, kwa hiyo kuna miezi kama saba ambayo wazazi wengi huiita likizo, na mtoto huimaliza kwenye simu na tamthilia. Naiona miezi hiyo kuwa ndiyo nafasi kubwa kuliko zote tulizo nazo. Mama safari hii alimkabidhi binti daftari la mauzo la meza yake: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Wiki ya pili hesabu ikapungua shilingi 14,000. Mama aliijua sababu mara moja, lakini alinyamaza, akamwacha binti atafute. Waliipata usiku: kitenge kimoja kilikopeshwa kwa mteja na hakikuandikwa. Asubuhi binti alikwenda kudai mwenyewe.