Mapatano Yaliyobakiza Kinyongo

Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo waalimu wa sharika hukutana nalo mara kwa mara. Mbona watu waliopatanishwa mbele ya mashahidi, wakapeana mikono na kula pamoja, huonekana baada ya miaka michache wakigombana tena kwa neno lile lile? Na mbona mataifa makubwa, yenye wenye elimu na waandishi wa mikataba, hufanya vivyo hivyo?

Tutwae kwanza mfano mdogo. Watu wawili wamegombania mpaka wa shamba la maharagwe. Wazee wakaketi, wakamsikiliza mmoja kwa muda mrefu, kwa kuwa ana ndugu wengi; yule wa pili alipoanza kusema akaambiwa, "Nyamaza, baba, sisi twataka amani." Basi akanyamaza. Mti wa mpaka ukapandwa, watu wakarudi makwao wakishukuru. Lakini yule aliyenyamazishwa, kila apitapo pale huutazama mti ule, na watoto wake hujifunza kuutazama kama yeye. Mti hukua, na neno nalo hukua pamoja nao. Hata siku moja mti ukikatwa usiku, watu hustaajabu na kuulizana, "Si tulikwisha kupatana?"

Nchi yetu hii iliwahi kuwa kama shamba lile. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, Wabelgiji walitoka Kongo, wakatwaa Kigoma na Ujiji mwaka 1916, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule wakaingia Tabora. Watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu, waliokuwa wakiamriwa na Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, sasa wakaamriwa na Wabelgiji. Vita ilipokwisha, na jemadari von Lettow-Vorbeck alipokwisha kuweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, ilibaki kazi ya kugawa nchi. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakaafikiana: Ruanda na Urundi ziwe za Wabelgiji, na nchi iliyobaki iwe ya Waingereza. Hivyo Buha ikaendelea kushikwa na Wabelgiji hata 1921, ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Katika mazungumzo yale hapakuwa na kiti cha Mwami yeyote, wala cha mkulima.

Yaliyofuata yanafaa kukumbukwa. Kwa kuwa Waingereza walitaka njia ya reli, nchi ya Gisaka iliyo mashariki ya Ruanda ilikatwa ikatiwa Tanganyika. Mwami Musinga akalalamika, na wamisionari pamoja na Wabelgiji wakamsaidia kulalamika, hata mwaka 1923 Baraza la Shirikisho la Mataifa likakubali irudishwe. Lakini Bugufi, ambayo watawala wa Urundi waliihesabu kuwa yao, ilibaki Tanganyika. Mwami Mwambutsa aliomba arudishiwe, asipewe. Na hata leo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara. Hatusemi haya ili kuamsha madai ya kale, maana watu wamezaliwa, wamezeeka na kuzikwa katika mpaka ule, na kwao ndiko. Twasema tu kwamba kilio kilikuwa cha namna moja, na majibu yakawa mawili, kwa kadiri ya nguvu za waombezi. Mtu aonapo hivyo husema moyoni, "Kumbe si haki iliyotafutwa."

Tena yako deni la wapagazi. Katika vita ile watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa mamia ya maelfu wabebe chakula na risasi. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko waliokufa kwa bunduki. Wanahistoria hutaja wafu karibu 100,000 upande wa Waingereza peke yao. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wa jeshi lile la wapagazi. Wakubwa waliandikiana barua kwa miaka mingi juu ya mishahara ya wapagazi wa Kenya waliokufa, lakini fedha nyingi hazikuwafikia jamaa zao kamwe. Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Sanamu ni kitu kizuri, na wafu wastahili heshima; lakini mjane hawezi kulima kwa sanamu.

Sasa tuangalie Ulaya, ambako vita ile ilianzia. Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Wajumbe wa Ujerumani hawakuruhusiwa kuketi pamoja na washindi na kujadiliana. Walipewa maneno yaliyokwisha kuandikwa, wakajibu kwa barua, kisha wakaambiwa watie sahihi, la sivyo vita itaanza tena. Katika sharti la 231 walitakiwa kukubali kwamba Ujerumani na rafiki zake ndio wenye kuchukuliwa kuwa sababu ya hasara zote. Mwaka 1921 deni lao likatajwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Makoloni yao yote yakaondolewa, pamoja na nchi hii yetu. Hata kazi ya Injili iliguswa, maana wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa, na kuanzia 1925 ndipo walipoanza kurudi.

Wenye elimu wabishana hata leo kama deni lile lilikuwa zito kupita kiasi, au kama lingeweza kulipwa. Sisi twaona kwamba lililowachoma zaidi halikuwa fedha. Mtu ashindwapo huweza kuvumilia kushindwa. Kila mwenye kucheza bao ajua hivyo. Lakini akilazimishwa kutia mkono wake chini ya neno asiloliamini, huondoka na kitu kimoja tu mkononi, nacho ni hamu ya kulifuta neno lile. Mwaka 1933 Hitler alitwaa utawala, na katika hotuba zake aliupiga mkataba ule kama ngoma. Mwaka 1939 vita ikawaka tena.

Hapa lazima tujihadhari, ndugu, tusije tukatoa udhuru kwa uovu. Mkataba mbaya haukuwaamuru Wajerumani wamfuate Hitler, wala kuwaua Wayahudi mamilioni. Wako wengi duniani waliodhulumiwa, wasifanye hivyo. Kinyongo ni kama kuni kavu: aliyezikausha ana lawama yake, na aliyezitia moto ana lawama iliyo kubwa kupita ile. Tena wako watu ambao hawapendi donda la jirani lipone, kwa kuwa donda lile ni biashara yao. Kwa hiyo aliyeonewa naye ana wajibu: aangalie ni nani ajaye kumwonea huruma, na huyo ataka nini.

Baada ya vita ya pili, iliyokwisha 1945, Ujerumani ilipigwa zaidi kuliko mara ya kwanza. Miji ilikuwa vifusi, nchi ikagawanywa. Mbona basi haikuzaliwa vita ya tatu katika kinyongo chake? Sababu ni nyingi, na hofu ya majeshi makubwa ni mojawapo. Lakini mbili zatufaa. Kwanza, huko Nuremberg wakubwa walishtakiwa mmoja mmoja kwa majina yao na kwa matendo yao, nao wakapewa nafasi ya kujitetea. Pili, kuanzia 1948 Marekani ilitoa msaada wa kujenga upya nchi za Ulaya, na Ujerumani ya Magharibi ikawa mojawapo ya waliosaidiwa. Aliyeshindwa akaonyeshwa mlango wa kurudi katika baraza la watu.

Turudi kwetu. Watu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kusoma vitabu ili wajue vita huacha nini. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania. Wakaja tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, na mashamba ya maboma yetu yakageuka kuwa kambi: Mtabila na Muyovosi huku Kasulu, Kanembwa na Nduta huko Kibondo, na nyinginezo. Mwalimu Nyerere aliwakalisha wakubwa wa Burundi pamoja huko Arusha, hata alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Mzee Mandela akaipokea kazi ile. Mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000.

Mapatano yale yalikuwa na mema mengi. Wahutu na Watutsi waliwekewa sehemu zao katika bunge na katika jeshi, ili pasiwe na kabila lenye kuogopa kufutwa. Lakini waliokuwa wakishika bunduki hasa, CNDD-FDD na FNL, hawakuwamo. Basi sahihi zikawekwa, na risasi zikaendelea. CNDD-FDD walipatana mwaka 2003, FNL mwaka 2006, na hata baada ya hapo mapigano yakatokea tena. Tume ya kutafuta ukweli na upatanisho iliahidiwa mwaka 2000, ikaundwa 2014. Watoto wa waliouawa 1972 walikuwa wameota mvi wakingoja mtu awaulize, "Baba yako alikufaje?"

Na neno zito kuliko yote lilikuwa shamba. Mtu alikimbia 1972. Serikali ikampa mtu mwingine shamba lake. Huyo akajenga, akapanda migomba, akazika wazazi wake pale. Baada ya miaka zaidi ya 30 yule wa kwanza akarudi. Mapatano yalisema mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia iliyo haki. Lakini fedha za fidia hazikuwako za kutosha, na nchi ya Burundi ni ndogo. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi. Hapo mwanzo iliwahimiza watu wagawane shamba. Baadaye ikaelekea kumrudishia yule wa kwanza lote. Kwa njia ya kwanza mkimbizi alilia, kwa njia ya pili alilia aliyemkuta. Na wote wawili hawakuwa wamemwua mtu. Deni lilikuwa la watawala wa 1972, lakini walioitwa kulilipa ni wakulima wawili maskini.

Kisha mwezi wa Aprili 2015 Rais Nkurunziza alipotaka kugombea mara ya tatu, watu wakabishana juu ya maneno yale yale ya Arusha, kila mmoja akiyasoma kwa macho yake. Watu wakavuka mpaka tena. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya.

Labda msomaji atatujibu, "Ninyi mnatafuta amani iliyo kamili, na wakati mnaitafuta watu wafa. Anayekimbia risasi haulizi habari za haki. Ataka alale usiku mmoja bila hofu." Neno hili ni la kweli, nasi hatuna haki ya kulidharau, sisi tuliowaona akina mama wakifika na watoto mgongoni na miguu iliyovimba. Kunyamazisha bunduki ni jambo la kwanza, na afanyaye hivyo, hata kwa mapatano yenye kasoro, amefanya kazi njema. Kosa letu huja kesho yake. Tukiona kimya, twasema kazi imekwisha. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi wa siku zake kwa ajili ya jambo hili hili, kwa kuwa walitangaza amani juu ya jeraha lililofungwa tu kwa juu. Mganga hufunga jeraha ili damu isitoke, lakini hurudi kulifungua, kuliosha na kulifunga tena. Asiporudi, kitambaa kile kile kilichomwokoa mgonjwa kitamwozesha.

Basi twawaomba ninyi waalimu na wazee, mnapopatanisha watu, mfikiri mambo matatu. Kwanza, kabla hamjaanza, tazameni ni nani asiyekuwapo penye shauri ambaye shauri litamgusa. Mwiteni, hata kama ni mjane au mgeni. Pili, msimlazimishe mtu kukiri neno ili shauri liishe upesi. Mwulizeni kila mmoja amefanya nini yeye mwenyewe, msiwahukumu ukoo mzima wala kabila zima. Tatu, andikeni nani ana deni la nani, na nani atalilipa, kisha rudini baada ya mavuno kuuliza kama limelipwa. Zakayo hakuishia kusema kwamba amekosa. Alitaja kiasi atakachorudisha.

Na kwa habari ya jirani zetu waliokuja na kurudi, na kuja tena, tujipime wenyewe. Twajua kwamba kuni zilikatwa na mashamba yaliibiwa, na wenyeji wengi waliona kwamba misaada ilipita mbele ya milango yao ikaenda kambini. Malalamiko haya yana ukweli wake, nayo yasemwe waziwazi barazani. Yakinyamazishwa kwa ajili ya amani, yatapandwa kama ule mti wa mpaka. Warundi hujuliana hali kwa neno amahoro, yaani amani, nalo huulizwa kama swali. Nasi tukiulizwa hivyo, tujibu kweli.