Wanangu, Wachache Nao Wana Kwao

Wanangu, nawasikia barazani na kwenye daladala mkimuuliza mwenzenu, "Wewe kwenu hasa wapi?" Likiulizwa kwa nia ya kujuana, swali hilo halina ubaya. Siku hizi naona linaulizwa ili mtu ajione si wa hapa, na hilo sitalinyamazia.

Tanga hii imejengwa na watu wa kila upande. Mkonge uliletwa mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka wenyeji hawakutosha, wala wengi hawakuitaka kazi ile. Wakaletwa manamba kutoka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi. Mikataba ilipokwisha wengi walibaki, wakaoa, wakazika wazee wao hapa. Wajukuu zao ndio mliosoma nao chuo kimoja na mnaocheza nao mpira jioni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Msiwaite tena watu wa kuja.

Nendeni Handeni, mfike Chogo, mkawasikilize Wazigua waliotoka Somalia. Masimulizi yao yanasema babu zao walitoka Uzigua wakati wa njaa kubwa ya karne ya 19, wakapandishwa vyombo pwani hii kwa ahadi ya kazi na chakula, wakashushwa Somalia na kuuzwa utumwani. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya Mto Juba, wakalima, wakazaa. Huko walidharauliwa kwa nywele zao na kwa asili yao, vizazi na vizazi. Vita vya 1991 vilipozuka walinyang'anywa chakula na mashamba, wakakimbia. Wengine waliangukia kambi za Dadaab nchini Kenya, na maelfu kutoka huko wakapelekwa Marekani. Wengine walikata shauri kurudi walikotoka babu zao, na Serikali yetu ikawapokea, ikawapa ardhi Chogo na kuwafungulia njia ya uraia. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini ninalotaka mlishike ni hili: walifika na Kizigua chao mdomoni. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini ugenini, chini ya dharau, hawakukiacha.

Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, jirani zetu wa Kenya wamejifunza kwa shida. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge, waliishi miaka mingi bila kitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipoandamana hadi Nairobi kudai uraia, wakaupata. Wapemba wa pwani ile, wavuvi ambao kila mtu aliwajua, walingoja hadi 2023. Fikirini mtoto aliyezaliwa hapo, akashindwa kufungua akaunti benki au kupata leseni ya kuvua kwa sababu ya asili ya babu yake.

Kuna ubaya mwingine, nao una sura nzuri. Sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967, na mimi naukubali uamuzi huo. Umetuepusha na mengi yaliyowapata wengine. Ila baadhi yenu mmeutafsiri vibaya, mkadhani kuwa wamoja ni kufanana. Mnamcheka kijana akitamka neno kwa lafudhi ya nyumbani kwao, naye anaona aibu, anaacha. Wasegeju wengi leo wanasema Kidigo na Kiswahili tu. Wadaiso wa Bwiti na Magati, chini ya Usambara Mashariki, wana lugha yenye udugu na Kikamba, nao ni wachache mno. Wazee wao wakiondoka bila kusikilizwa, imekwisha.

Japani ilipita njia hiyo. Mwaka 1899 ilitunga sheria ya kuwageuza Waainu wa Hokkaido wawe Wajapani kama wengine, ikawaacha bila ardhi yao ya kuwinda na bila lugha yao shuleni. Sheria iliyowatambua kuwa wenyeji wa asili ilipitishwa mwaka 2019. Kufikia hapo waliokulia katika lugha hiyo walikuwa wazee wa kuhesabika kwa vidole. Nchi tajiri kama ile, na bado fedha haziwezi kumrudisha bibi aliyekufa na hadithi zake.

Sisi bado tuna mabibi. Kila mmoja wenu ana simu mfukoni. Mrekodini bibi wa Kidaiso, wa Kisegeju, wa Kimakonde, anapotaja majina ya samaki, ya dawa za porini, ya jamaa zake. Mwenzenu anapokwenda ofisi ya kijiji kutafuta kitambulisho, asitiliwe shaka kwa matamshi yake. Simameni mumshuhudie kuwa mmekua naye. Posa ikija kutoka kwa mtu wa Chogo au mtoto wa manamba, ulizeni tabia yake na dini yake, mengine yaacheni. Anzeni mwezi huu, wanangu, maana wazee ninaowasema wanapungua kila msimu wa mvua.