Joto la Chokaa

Wahenga walituachia neno: dalili ya mvua ni mawingu. Nasi, kwa kulifuata, tumezoea kuamini kwamba dalili ya mageuzi ni joto. Mtu akijuta kwa machozi na kishindo, twasadiki amebadilika. Akijuta kimya, twamshuku. Suali ninalolileta mbele ya wasomaji ni hili: je, joto ni shahidi mwadilifu?

Tuitazame sufuria ya wali. Anayefunua kifuniko huunguzwa na mvuke, kwa kuwa mvuke unapogeuka maji juu ya ngozi hutoa joto jingi. Lakini dhati haikugeuka: ni maji yale yale, yamebadili vazi tu. Kisha tuitazame nanga iliyoachwa ufukweni. Chuma hushikamana na oksijeni na unyevu, kikawa kutu, yaani kitu kingine kabisa. Mmenyuko huo nao hutoa joto, ila polepole mno hata mkono usihisi. Basi liko joto lisilogeuza dhati, na yako mageuzi ambayo joto lake halihisiki.

Chokaa, iliyojenga miji yetu ya mwambao, hutufundisha zaidi. Katika tanuu, matumbawe hupangwa juu ya magogo yakachomwa kwa moto wa kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi. Jiwe huunywa moto huo na kuiachia hewa ya ukaa iliyofungika ndani yake. Hapo joto halitolewi, bali hukopwa. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji, hufoka, huvimba na kupasuka. Kilo moja yaweza kutoa kilojuli 1,100, za kutosha kuchemsha lita tatu za maji. Mtazamaji husema: kazi imekwisha.

La, haijesha. Kilichopatikana ni kitu laini, kisichoweza kubeba dari. Waashi hukitia ukutani, na ile hewa ya ukaa hukirejea kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, mpaka chokaa iwe jiwe tena. Huko nako joto hutolewa. Na hesabu ya kemia inashangaza: katika deni lote ambalo jiwe lilikopa tanuuni ili ligeuke, kishindo cha maji hulipa kiasi cha thuluthi moja tu. Karibu thuluthi mbili hulipwa ukutani, kimya kimya.

Sisemi kishindo ni bure. Ndugu waliogombea urithi, wakapatanishwa mbele ya wazee, wakakumbatiana na kulia, wamepiga hatua ya kweli. Lakini hiyo ni thuluthi yao ya kwanza. Aliyewaona siku ile asiseme ameona upatanisho. Ameona chokaa ikifoka.

Na liko funzo zito zaidi, linalomhusu aliyekosewa kuliko aliyekosa. Chokaa iliyofungiwa mbali na hewa hubaki laini, hata ikae miaka. Haina dosari, imenyimwa pumzi tu. Vivyo hivyo, tunayemtaka alie upya kila siku ili atuthibitishie, au tunayemfungia mlango ili tuone kama kweli amegeuka, twamnyima kile kile ambacho kingemfanya jiwe. Kumsamehe mtu, basi, si kumpima joto. Ni kumwacha ukutani, mahali penye hewa, na kuupa wakati haki yake.